Safisha, Usiache Kitu

Kompyuta ya Ryan ilijiboresha watu wakiwa wamelala, na asubuhi ikakataa kuwaka. Sijui ni nani huko ng'ambo aliyeamua kwamba mashine za watu zirekebishwe bila wenyewe kuulizwa. Ninachojua ni kwamba mtu huyo hajawahi kufika mtaa wetu wa Mountain View hapa Nairobi, na hana habari kwamba katika nyumba ya Odhiambo kompyuta ndiyo mdomo wa mtoto.

Peres ndiye aliyeliona tatizo kwanza. Alikuwa ameshamwosha Ryan, amemvisha, amemkalisha kwenye kiti chake cha magurudumu na kumfunga mkanda wa kifua asije akainama. Akamwekea mbele yake meza ndogo yenye kompyuta, akabonyeza pa kuwashia. Badala ya zile picha walizozizoea, ikaja skrini ya buluu yenye maandishi meupe ya Kiingereza. Akazima, akawasha. Buluu tena.

"Baba Ryan! Kuja uone hii kitu."

Odhiambo akaja na mswaki mdomoni. Ni fundi rangi, mtu mrefu mwenye madoa ya chokaa kwenye kucha yasiyotoka hata siku ya Krismasi. Akainama, akasoma polepole.

"Jana usiku si ilikuwa inasema apdeti, apdeti, na kale kaduara kanazunguka?" Peres aliuliza.

"Ilikuwa. Ikasema isizimwe. Sikuizima."

"Ama uliizima ukasahau?"

"Nimesema sikuizima! Mbona kila kitu ikiharibika hii nyumba ni mimi?"

Ryan alikuwa akiwatazama. Ni mtoto wa darasa la sita kama angekuwa shule, na akili yake ni kali kuliko wanavyodhani wanaokuja kumwonea huruma. Ila viungo havimtii, na ulimi ni mmoja wa viungo hivyo. Tangu utoto alikuwa na maneno mawili tu. Akiinua macho juu, ni ndiyo. Akiyafumba, ni hapana. Ukitaka kujua shida yake ilikubidi uulize jambo moja moja mpaka ubahatishe, na mara nyingi ulichoka kabla hujabahatisha.

Kisha akatokea Tanvi, binti wa Parklands aliyekuwa akifundisha watoto kuzungumza katika kliniki moja ya huko. Aliwapa kompyuta yake ya zamani na kuiwekea programu ya picha. Miraba inawaka mmoja baada ya mwingine, na ukifika ule anaoutaka, Ryan anagonga kitufe kikubwa kwa goti, kompyuta inasema. Sentensi yake ya kwanza ilikuwa, "Baba anakoroma." Peres alicheka mpaka akatokwa na machozi, na Odhiambo akajifanya amenuna wiki nzima.

Kwa miaka mitatu waliijaza miraba hiyo. Kulikuwa na picha ya mtungi wa maji, na ya jogoo anayewika mchana wa Mama Ivyne, jirani anayekaa na Ryan wazazi wakiwa kazini. Kulikuwa na majina ya mashangazi wote wa Ugenya, na maneno ya kuwafukuza wageni wanaokaa sana. Na sasa Jumapili hii ilikuwa siku ya watoto kanisani, na mwalimu wa watoto hapo kanisani alikuwa amempa Ryan nafasi ya kuwekwa mbele ya watu aseme maneno yake mwenyewe. Kwa siku nyingi alikuwa akiyaunda, goti likigonga, jasho likimtoka. Mama akisogea aone, mashine inasema, "Toka." Hakuna aliyejua ameandika nini.

"Usijali, babangu," Odhiambo akamwambia. "Naipeleka town leo leo. Jumapili utaongea."

Ryan akainua macho juu. Alimwamini.

*

Kitavi ana kibanda ghorofa ya pili ya jengo moja la River Road, katikati ya mtu wa kuchapisha kadi za harusi na mtu wa kuuza bawaba na makufuli. Ni kijana mwungwana, Mkamba wa Makueni, anayezungumza na mashine zaidi ya anavyozungumza na watu. Alitoa betri akairudisha. Akachomoa kadi ya kumbukumbu, akaifuta kwa kifutio cha penseli, akairudisha. Akajaribu kuirejesha kompyuta kwenye hali ya kabla ya maboresho. Kila mara iliishia pale pale kwenye buluu.

"Boss, mashine haijakufa," alisema mwishowe. "Imejifunga. Hii apdeti imeichanganya, sasa haitambui kama wewe ni mwenyewe. Inaitisha key."

"Key gani? Hii haina mahali pa kufuli."

"Ni namba, mzee. Namba refu hivi." Kitavi alinyoosha mikono kama anayepima samaki. "Iko kwa mtu mwenye aliiset mara ya kwanza. Ni nani?"

"Tanvi. Lakini alienda Kanada, ile laini yake ya huku haiingii."

"Hamkuweka kopi?"

"Kopi ya nini?"

Kitavi akamtazama, akaacha swali hilo lipite. "Basi tafuta watu wake. Ukikosa, itabidi niisafishe, ianze upya. Lakini nikisafisha, kila kitu ndani inaenda. Hata key ikipatikana baadaye haitasaidia. Hiyo ni ya mwisho kabisa."

Odhiambo alielewa. Nasisitiza hapo, kwa sababu baadaye watu walisema hakuelewa. Alielewa vizuri. Akaandika nambari yake ya simu na ya Peres kwenye karatasi ya Kitavi, akashuka ngazi. Hakusema, "Usiguse mpaka nirudi." Ilionekana wazi mno, na mambo yaliyo wazi mno ndiyo tunayosahau kuyasema.

Chini barabarani simu yake ikalia. Alikuwa Peres, akipiga kutoka kazini.

"Fundi anasema nini?"

Odhiambo akafungua mdomo amwambie. Lakini alikuwa amemwacha mkewe akilia asubuhi, na Peres akianza kulia mbele ya mwajiri wake hugombezwa.

"Anaishughulikia," alisema. "Wacha wasiwasi."

Mara simu ikazima. Chaji ilikuwa imekwisha.

*

Alikwenda Parklands kwa miguu. Alilikumbuka jengo la kina Tanvi, kwa sababu aliwahi kupaka rangi uzio wake, na mlinzi, Muema, naye alimkumbuka kwa sababu hiyo hiyo.

"Leo hakuna kazi ya rangi, mzee."

"Sijaja kazi. Nimekuja kuona wazazi wa Tanvi."

Muema akamtazama viatu. "Wanakujua?"

"Tanvi ananijua."

"Tanvi hayuko. Fundi wanaingilia nyuma."

Odhiambo akaingilia nyuma. Alipanda ngazi za kuteremshia takataka, akabisha. Aliyefungua ni Kirit mwenyewe, babake Tanvi, mzee mwembamba aliyestaafu duka lake la vyuma. Alifungua mlango kiasi cha mnyororo kuruhusu.

"Sisi tumeshatoa mchango," alisema. "Juzi walikuja wa mazishi."

"Siombi mchango, mzee. Mimi ni babake Ryan. Yule mtoto Tanvi alimfundisha kuongea na kompyuta."

Nyuma ya Kirit, sauti ya mwanamke ikauliza jambo kwa Kigujarati. Mnyororo ukatoka. Indu, mamake Tanvi, akasogea akijifuta mikono kwa aproni.

"Ryan? Ile ya 'Baba anakoroma'?" alisema, na uso wake ukachangamka. "Tanvi alituambia hiyo stori mara mia. Wewe ndiyo baba? Kumbe wewe ndiyo unakoroma!"

Odhiambo akacheka, akaona aibu kwa kucheka. Akawaeleza kila kitu akiwa amesimama. Wazee hao walisikiliza vizuri, sitaki kuwasingizia. Shida ilikuwa moja.

"Huko sasa bado mapema sana," Kirit alisema akiitazama saa ya ukutani. "Tanvi anafanya kazi mpaka usiku, halali vizuri. Ngoja kidogo aamke, eh? Tutampigia."

Ungekuwa wewe ungesema, amsheni mtoto wenu, wangu amenyamaza. Odhiambo alisema, "Hakuna neno, mzee." Wakamwekea kiti cha plastiki kwenye kishoroba, kando ya viatu vya nyumba nzima, na Indu akamletea chai ya tangawizi na chevda, vile vitafunio vya kukaanga vya Kihindi, kwenye kisahani. Karibu na kiti kulikuwa na soketi ya umeme na chaja imening'inia. Aliitazama chaja ile muda wote wa chai. Angeweza kuomba. Lakini alikuwa ameshaomba kuingia, ameshaomba kusikilizwa, na sasa anawakalia mlangoni mpaka binti yao aamke. Aliona akiongeza na umeme watamchoka. Akaiacha simu mfukoni, imekufa.

*

Saa hiyo hiyo Kitavi alikuwa akimpigia, na kila akipiga anaambiwa mteja hapatikani. Mjomba wake alikuwa anazikwa kwao kesho yake, na basi la Makueni lilikuwa linaondoka jioni. Hakutaka kufunga kibanda na mashine ya watu ndani, ilhali yule mzee alisema mtoto anaihitaji kufikia Jumapili. Akatazama karatasi, akaona nambari ya pili.

Peres hufanya kazi kwa dobi mmoja kando ya Waiyaki Way. Anapokea nguo za watu wa maofisini na kuondoa yale ambayo wenyewe wameshindwa: divai, wino, mchuzi, damu. Mwajiri wake huwaambia wateja, huyu mama doa halimshindi. Simu ilipolia alikuwa na kola ya shati la mtu mkononi.

"Haloo, ni Mama Ryan? Mimi ni Kitavi, fundi wa kompyuta hapa River Road. Mzee simu yake imezima. Sasa mama, nilikuwa nauliza, hii mashine niisafishe tu? Mimi jioni nasafiri."

Peres akahisi uso umeshika moto. Alijua fundi ameona nini. Kila asubuhi humnywesha Ryan uji kwenye ile meza, na Ryan akikohoa uji unarukia vibonyezo. Huupangusa kwa kitambaa, lakini katikati ya vibonyezo umekauka na kuganda kama gundi. Yeye, anayesifiwa Waiyaki Way nzima kwa usafi, mwanamume asiyemjua amefungua kitu cha nyumba yake akakuta uji.

"Ni chafu sana?" aliuliza kwa sauti ya chini, wenzake wasisikie.

Kitavi akacheka. Alidhani mama anatania. "Imejaa vitu, mama. Lakini nikisafisha inakuwa kama mpya."

"Na itawaka?"

"Itawaka saa hii hii."

Hapo Peres alitaka kupiga vigelegele. "Basi safisha, baba. Safisha kabisa, usiache kitu."

"Kabisa kabisa? Una uhakika?"

"Hiyo ndiyo kazi yangu, najua. Doa ukiliacha kidogo linarudi."

"Sawa, mama," Kitavi alisema, na kwa kuwa alikuwa mtu wa haki akaongeza, "Nisamehe kwa kukusumbua kazini."

Peres akarudi kwenye kola yake akiimba. Aliwatangazia wenzake kwamba mashine ya mtoto imepona, na Everlyn wa pasi akamwambia, "Si nilikwambia Mungu hawezi kukuacha?"

*

Tanvi alipoamka na kusikia, hakunawa hata uso. Alilia kwenye simu, akamgombeza babake kwa Kigujarati kwa nini hawakumwamsha, akaingia kwenye barua pepe yake na kuipata ile namba. Indu akaiandika tarakimu kwa tarakimu, akaisoma tena, Tanvi akasema sawa. "Mwambie Ryan namsalimia," alimwambia Odhiambo. "Mwambie nataka kusikia hiyo hotuba ya Jumapili." Kirit mwenyewe akamteremsha kwa lifti mpaka lango la mbele, Muema akamfungulia bila neno.

Odhiambo alikwenda mbio kama kijana. Alipofika River Road mwenye makufuli alikuwa anakusanya vitu vyake, na Kitavi alikuwa na begi la safari begani.

"Nimepata!" Odhiambo alisema, akihema, akainua karatasi.

"Umepata nini, boss?"

"Key."

Kitavi akaitazama karatasi. Kisha akaitazama kompyuta iliyokuwa juu ya kaunta, inang'aa, imefungwa vizuri ndani ya mfuko wa nailoni. Akaweka begi chini.

"Mzee," alisema, "mama alisema nisafishe."

"Mama nani?"

"Mama Ryan. Nilikukosa, nikampigia. Nikamwuliza mara mbili. Akasema nisafishe kabisa, nisiache kitu."

Odhiambo hakupiga kelele. Ingekuwa heri angepiga, Kitavi angejua la kumjibu. Aliuliza tu, "Hakuna kitu imebaki? Hata kidogo?" Kitavi akatikisa kichwa. Akakataa malipo. Akambebea mashine mpaka chini barabarani na kusimama naye pale kwenye msongamano wa watu kama aliyefiwa.

Njiani Odhiambo aliamua kumdanganya mkewe. Angesema ni ile apdeti, imekula kila kitu, fundi hakuweza. Kampuni ya ng'ambo haina machozi, ibebe lawama. Nadhani huo ndio uamuzi wenye upendo zaidi aliowahi kufanya, na haukudumu hata kidogo.

*

Peres aliinyakua mashine mlangoni. Alikuwa ameshaosha meza, ameshampaka Ryan mafuta, ameshamwita Mama Ivyne aje kusikia. Akaivua nailoni.

"Oneni!" alisema. "Oneni vile kijana wa watu ameisafisha! Hata uji wote ametoa."

Na ni kweli. Baada ya kufuta ya ndani, Kitavi alikuwa amechukua brashi na kusafisha ya nje pia, kibonyezo kwa kibonyezo. Peres akaibonyeza, ikawaka. Hakukuwa na buluu. Kulikuwa na picha ya ziwa la nchi gani sijui, maji yametulia, na hakuna kitu kingine. Ryan alikuwa ameshapeleka goti kwenye kitufe, tayari.

"Miraba iko wapi?" Peres aliuliza. "Baba Ryan, ile ya picha inafunguliwa wapi?"

"Zilienda, Peres."

"Zilienda wapi?"

"Ni ile apdeti. Ilikula."

"Ilikula vipi na fundi ameniambia imekuwa kama mpya?"

Odhiambo akaokota ule mfuko wa nailoni, akaanza kuukunja. Mama Ivyne, mwanamke mwenye busara zake, akasema ameacha sufuria motoni, akatoka.

"Fundi alinipigia," Peres alisema taratibu. Alikuwa anayapanga maneno kama mtu anayehesabu nguo za mteja na kuona moja haipo. "Aliniuliza asafishe."

"Najua."

"Nikamwambia..." Akashika mdomo. "Odhiambo. Nikamwambia asiache kitu."

"Hukujua. Mimi nilijua asubuhi, nikakuficha. Ni mimi."

"Nilidhani ni uji!"

Alilia kama watu wanavyolia msibani, bila kujali majirani. Odhiambo alijaribu kumshika, akamsukuma. Akajaribu tena, akasukumwa tena, akatoka akaenda kusimama kwenye ngazi na paji la uso limegusa ukuta.

Hakuna kati yao aliyekumbuka kwamba Ryan anasikia. Kila mtu husahau. Mtu asipojibu tunadhani hasikii. Peres alipogeuka alimkuta mtoto amemkazia macho, shavu limelowa, na kwa kuwa mikono haimtii hakuweza hata kulipangusa. Akapiga magoti mbele ya kiti, akampangusa yeye.

"Umesikia yote?"

Macho yakapanda juu.

"Ni mimi nimeyatoa maneno yako. Sikukusudia, lakini ni mimi. Umenikasirikia?"

Macho yakapanda. Hayakusita. Peres akalipokea jibu hilo, likamwuma kuliko kitu chochote siku hiyo, na moyoni akaona mtoto ana haki.

"Ni sawa. Kasirika," alisema. "Tanvi atatutumia hiyo programu. Tutaijaza tena, mimi na wewe, hata ikichukua miaka." Akavuta kamasi. "Ile hotuba ya Jumapili. Bado unaikumbuka kichwani?"

Macho juu.

"Basi tuitafute. Mimi nitauliza, wewe uniambie. Nitakusomea mimi mbele ya watu. Ilikuwa ni ya kumshukuru Mungu?"

Yakafumba.

"Ya mwalimu wenu?"

Yakafumba.

"Ni Tanvi? Ni baba? Ulitaka kumsema baba tena?"

Yakafumba, yakafumba. Kulikuwa kumeanza kuwa giza na hakuna aliyekumbuka kuwasha taa. Peres akafikiri, akaogopa kuuliza, akauliza.

"Ilikuwa inanihusu mimi?"

Macho ya Ryan yakapanda juu, yakakaa huko, yakakaa mpaka mboni zikakaribia kupotea.

"Mimi?" Peres akashika uso wake kwa mikono miwili. "Ulitaka kuniambia nini, babangu? Mbele ya watu wote, ulitaka kusema nini juu yangu?"

Ryan akamtazama. Macho hayakupanda, hayakufumba. Goti lake likagonga kitufe, likagonga tena, tena, kwa nguvu zote alizokuwa nazo, na kompyuta, safi kabisa, haikusema kitu.